Taa za Kukuzia Mimea, na Ushirika wa Mdogo na Mkubwa

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu wa mwezi uliopita, baada ya kwisha khabari za majamvi na nauli ya gari la kuchukulia karafuu, alisimama kijana mmoja katika wanachama wetu, mwenye kitalu kizuri cha miche ya mikarafuu, akatoa simu yake mfukoni akatuonyesha picha. Ilikuwa picha ya nyumba isiyo na dirisha hata moja, na ndani yake mboga za majani zimestawi juu ya mashubaka, shubaka juu ya shubaka, na juu ya kila shubaka zimetundikwa taa za rangi ya zambarau.

“Wazee wangu na ndugu zangu,” akasema, “wenzetu wanalima bila ya jua. Yuko dalali mjini ambaye yu tayari kushirikiana nasi. Chama kitoe nusu ya fedha, naye atoe taa. Tujenge nyumba ya kuoteshea miche yetu na mboga za kuuzia mahoteli.” Kisha akaongeza neno lililotutoa wasiwasi sote, kwamba taa hizo, kwa maneno ya dalali huyo, ni za Samsung.

Mikono mingi ilipanda juu. Nasi twakiri mbele yenu kwamba tulikwisha shika kalamu ili tuandike katika kitabu cha mkutano kuwa neno limekubaliwa. Aliyetuzuia ni mzee mmoja aliyekaa nyuma karibu na mlango. Alisema, “Bwana Katibu, hebu kwanza tuambie, Samsung mwenyewe amekuja, au limekuja jina lake?”

Swali hilo hatukuweza kulijibu. Tuliomba muda, na mkutano ukatupa mpaka mkutano ujao. Basi tumesoma, tumeuliza, na leo twawaletea tuliyoyapata, ili kila mmoja aje mkutanoni akijua anainulia mkono jambo gani. Kwani fedha inayotakiwa ni ile ile tuliyoiweka kidogo kidogo tangu mchumo uliopita kwa ajili ya majamvi mapya na kisima cha kitalu. Hatuna nyingine.

TAA HIZI NI NINI

Taa za LED hazina uzi unaowaka kama zile za zamani. Ndani yake mna chembe ndogo ambayo ikipitiwa na umeme hutoa mwanga, na rangi ya mwanga huo hutegemea vitu ilivyotengenezwa navyo. Chembe ya kwanza yenye mwanga mwekundu wa kuonekana kwa jicho aliitengeneza Nick Holonyak mwaka 1962, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric ya Marekani. Mwanga wa buluu ulikuwa mgumu zaidi kupatikana, na watu wa Japani ndio walioushinda. Shuji Nakamura alifanya kazi hiyo katika kampuni ya Nichia, iliyo katika kisiwa cha Shikoku, na mwaka 1993 chembe ya buluu yenye mwanga mkali ikatoka. Yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Kwa mkulima, rangi mbili hizi ndizo zenye maana. Jani hula sana mwanga mwekundu na wa buluu. Mwekundu hufanya kazi kubwa ya kuupa mmea chakula chake, na buluu huuzuia usirefuke ovyo ukawa dhaifu. Rangi hizo mbili zikichanganyika, jicho letu laona zambarau, na hiyo ndiyo siri ya picha ya kijana wetu. Siku hizi taa nyingi za mimea hutoa mwanga mweupe uliotiwa wekundu, lakini maana ni hiyo hiyo. Kwa hivyo wajuzi hawaipimi taa ya mimea kwa jinsi inavyong'aa machoni petu, ila kwa kiasi cha mwanga unaotumiwa na jani kwa kila umeme unaoliwa.

Taa hizi zilipata soko kwanza katika nchi za baridi. Uholanzi, mathalan, mwezi wa Disemba mchana haufiki saa 8, nao hulima nyanya na maua ndani ya nyumba za vioo. Mtu wa huko akinunua taa ananunua jua alilokosa. Sisi hapa tuna mchana wa saa 12 hivi mwaka mzima, wala jua halijatudai hata senti moja.

CHEMBE SI TAA

Sasa turudi kwa swali la mzee. Kampuni kubwa za elektroniki zimeingiaje katika biashara hii?

Njia ya kwanza ndiyo iliyoenea kuliko zote. Kampuni kubwa hutengeneza chembe, na kampuni ndogo hununua chembe hizo kwa maelfu, ikazipanga juu ya ubao, ikaongeza kifaa cha kugeuzia umeme, bati la kupozea joto na kifuniko cha kuzuia maji, kisha ikauza taa kamili kwa jina lake. Samsung Electronics ya Korea ya Kusini ilijulikana sana kwa njia hii. Ilikuwa na chembe iitwayo LM301B, ambayo asili yake ni ya taa za kawaida, na watengenezaji wa taa za mimea wakaipenda kwa kuwa inatoa mwanga mwingi kwa umeme mdogo. Samsung nayo ikatoa nyingine kwa ajili ya mimea hasa, ikaiita LM301H. Chembe hiyo ina milimita 3 kwa 3, yaani ni ndogo kuliko kichwa cha karafuu kavu.

Basi mtu akikuambia, “Taa hii ni ya Samsung,” mara nyingi maana yake ni kwamba chembe zake ni za Samsung. Ubao, bati, waya na kifaa cha umeme ni kazi ya mtu mwingine. Na taa hizi zikifa, aghalabu haifi chembe. Hufa kile kifaa cha kugeuzia umeme, au maji huingia, au joto hukosa pa kutokea likaichakaza chembe kabla ya wakati wake.

Wanachama wa siku nyingi hawataona ajabu kusikia haya, kwani tulikwisha ungua mara moja. Mtakumbuka mashine ya maji tuliyoinunua kwa ajili ya kitalu. Mota yake ilikuwa ya jina kubwa linalojulikana dunia nzima, nasi tukalipa kwa furaha kwa sababu ya jina hilo. Msimu wa pili pampu yake ikavunjika, mota ikiwa nzima kabisa. Tulipokwenda dukani tukaambiwa kwamba pampu ilitengenezwa na watu wengine, na vipuri vyake havipatikani. Mashine hiyo ipo ghalani mpaka leo, na mota yake ikitiwa umeme hunguruma vizuri sana. Maji ndiyo haitoi.

Hatusemi kwamba ushirika wa namna hii ni mbaya. Kampuni ndogo haiwezi kujenga kiwanda cha chembe, na kampuni kubwa haina subira ya kukaa na mkulima mmoja mmoja na kujua mahitaji ya letusi au waridi. Kila mmoja anamfaa mwenzake. Lakini mnunuzi sharti ajue ni nani katika hao wawili atakayemjibu siku ya shida.

MIRAI NA GENERAL ELECTRIC

Njia ya pili ni ya kushikana mikono hasa, mkubwa na mdogo wakafanya kazi moja. Tutatoa mfano mmoja, nao una mafunzo mengi.

Japani palikuwa na kampuni iitwayo Mirai, aliyoianzisha Shigeharu Shimamura mwaka 2004. Kazi yake ilikuwa kulima mboga ndani ya majengo. Mwaka 2011 lilipotokea tetemeko kubwa la ardhi na mawimbi ya bahari yakaupiga upande wa kaskazini mashariki, jimbo la Miyagi lilipata madhara makubwa. Katika mji wa Tagajo wa jimbo hilo lilikuwapo jengo lililokuwa kiwanda cha Sony. Mirai ikalichukua jengo hilo, ikashirikiana na General Electric, ile ile kampuni ya Bwana Holonyak, nayo ikatengeneza taa za LED kwa ajili ya kazi hiyo.

Mwaka 2014 sifa za shamba hilo zilienea duniani. Jengo lilikuwa na meta za mraba 2,300 hivi, na ndani yake mashubaka 18, kila moja lina ghorofa 15, na taa 17,500. Walisema wanaweza kutoa vichwa 10,000 vya letusi kila siku, kwa sehemu ndogo sana ya maji yatumiwayo shambani, na kwamba letusi hukua mara mbili na nusu upesi kuliko nje. General Electric nayo ilisema taa zake hula umeme pungufu kwa asilimia 40 kuliko taa za mirija. Kila mtu alisema kwamba kilimo cha kesho kimekwisha fika leo.

Juni 2015, Mirai ilikwenda mahakamani kuomba hifadhi kwa sababu ya wadai wake. Madeni yalikuwa yameishinda. Haukupita hata mwaka mmoja tangu magazeti ya dunia yaisifu.

Tusifanye haraka kusema kwamba taa zilikuwa mbovu. Letusi ziliota. Lakini kuota kwa mmea ni jambo moja, na kulipa deni ni jambo jingine, na hilo wakulima wa karafuu twalijua kuliko watu wengi. Ni mara ngapi katika visiwa hivi mikarafuu imezaa mpaka matawi yakainama, na mwenye shamba akabaki mikono mitupu kwa kuwa mchumo aliuuza ungali juu ya mti, au shamba limo rehani? Letusi ya Tagajo ilibeba gharama za jengo, taa, umeme na mishahara, kisha ikaenda kukaa sokoni pamoja na letusi ya mkulima aliyelipwa jua bure.

Sasa angalieni upande wa mkubwa. General Electric iliuza taa zake, na msiba wa Mirai haukuitikisa. Lakini nayo haikudumu katika kazi hiyo. Mwaka 2019 iliiuza Current, idara yake ya taa za viwanda na biashara, kwa kampuni iitwayo American Industrial Partners, na mwaka 2020 ikauza taa zake za majumbani kwa Savant. Hivyo kampuni iliyokuwa na Holonyak mwaka 1962, tena iliyokuwa ikiuza taa kwa zaidi ya miaka mia, ikatoka katika biashara ya taa. Miaka 6 tu baada ya sifa za Tagajo, mdogo alikuwa amekwisha anguka na mkubwa amekwisha ondoka.

Wala msidhani kwamba mkubwa akifanya peke yake hufaulu lazima. Toshiba, kampuni kubwa ya Japani, ilifungua shamba la mboga la ndani mjini Yokosuka mwaka 2014, katika jengo lake la zamani. Yeye alitumia taa za mirija, si LED. Mwaka 2016 akalifunga.

MDOGO AKINUNULIWA

Iko njia ya tatu, nayo ni mkubwa kumnunua mdogo kabisa. Katika mji wa Austin, Marekani, ilikuwapo kampuni ya taa za kukuzia mimea iitwayo Fluence. Mwaka 2018 ilinunuliwa na Osram, kampuni ya taa ya Ujerumani. Baadaye Osram yenyewe ikachukuliwa na kampuni ya Austria iitwayo ams. Kisha hao nao wakaiuza Fluence kwa Signify ya Uholanzi kwa dola milioni 272. Mauzo hayo yalitangazwa mwaka 2021 na kukamilika mwaka 2022. Mkulima aliyenunua taa za Fluence mwaka 2017, ndani ya miaka mitano alikuwa amebadilishiwa wenyewe mara tatu, naye hakutoka shambani kwake.

Na hiyo Signify ni nani? Ni ile idara ya taa ya Philips, kampuni iliyoanzishwa mjini Eindhoven mwaka 1891. Philips iliitenga idara hiyo na kuuza hisa zake mwaka 2016, na mwaka 2018 ikabadilishwa jina ikawa Signify. Lakini taa zake nyingi huuzwa bado kwa jina la Philips, kwa ruhusa. Basi hata taa iliyoandikwa Philips, aliyeitengeneza si Philips. Na ile Samsung ya dalali wetu, magazeti ya Korea yaliandika mwaka 2024 kwamba imeamua kujitoa katika biashara ya LED.

Hakuna ubaya wala uhaini katika mambo haya. Kampuni kubwa ina idara nyingi, na ikiona idara moja haina faida huiuza, kama sisi tunavyouza mbuzi. Lakini mwenye ahadi ya mbuzi huyo kumpa maziwa, yeye ndiye atakayehangaika.

SISI NA MIKARAFUU YETU

Sasa tuitazame nyumba yetu. Mche wa mkarafuu, kama kila mmoja wenu ajuavyo, ukiwa mchanga huogopa jua. Twaujengea kivuli cha makuti, na twauzoesha jua polepole mpaka uwe na nguvu ya kwenda shambani. Mmea ambao twaukinga na jua la bure, kuununulia jua la umeme ni kazi isiyo na maana. Wala taa hizi haziwezi kutukaushia karafuu siku za mvua, kama alivyouliza bibi mmoja mkutanoni. LED imetengenezwa makusudi isitoe joto jingi, nasi katika kuanika twataka joto na upepo.

Mboga za mahoteli ni hesabu nyingine, na inafaa ipigwe. Taa moja ya wati 600 ikiwaka saa 16 kwa siku, hula uniti 9.6. Kwa siku 30 ni uniti 288, na hiyo ni taa moja tu. Umeme wetu unakuja kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na kila mmoja anaijua bei ya uniti nyumbani kwake. Atakayetaka, na azidishe mwenyewe kabla ya kuja mkutanoni.

Kwa hivyo kamati inatoa shauri kwamba chama kisilipe kitu mpaka dalali ajibu maswali haya kwa maandishi:

Kwanza, taa nzima, si chembe zake, imetengenezwa na nani, na ni nani hapa nchini anayeisimamia?

Pili, ikiharibika itatengenezwa wapi, kwa gharama ya nani, na kwa muda wa miaka mingapi?

Tatu, mboga zisiponunuliwa, hasara ni ya nani? Mshirika anayegawana faida peke yake si mshirika.

Nne, bili ya umeme italipwa na nani, na ikipanda je?

Tano, kampuni ikiuzwa au ikijitoa, ahadi zake zitamfunga huyo atakayeinunua?

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Na walisema pia, usiache mbachao kwa msala upitao. Majamvi yetu yamechakaa na kisima bado hakijachimbwa.

Lakini yako neno moja la mwisho, nalo hatutaki lisahauliwe. Kabla ya kuandika haya tulikwenda kitaluni kwa yule kijana tukamweleza yote, kwani si adabu mtu asome gazetini jambo lake mwenyewe. Alinyamaza kitambo, akimwagilia miche. Kisha akasema, “Bwana Katibu, mimi sizipendi taa. Wenzangu wote niliosoma nao wamekwenda mjini, nimebaki mimi shambani. Nilitaka niwe na jambo la kuwaambia warudi.”

Maneno hayo yalituingia. Chama kikikataa kila kitu kipya kwa sababu ya mashine moja iliyovunjika, mikarafuu hii itachumwa na nani miaka 20 ijayo? Kwa sababu hiyo kamati inatoa shauri la pili. Ikiwa dalali anaziamini taa zake, na aweke mbili katika kibanda cha kijana kwa gharama yake mwenyewe, kwa muda wa miezi 6. Kijana apande mboga, aandike katika daftari kila uniti ya umeme na kila fungu lililouzwa, na daftari hilo lisomwe mbele ya mkutano. Na kisima kikichimbwa, kama mkutano utakubali, fungu la kwanza la maji litengwe kwa bustani ya mboga ya vijana, chini ya jua hili hili tulilopewa.

Kijana amekubali. Dalali tumempelekea maswali yetu, na jawabu lake bado hatujalipata. Likija kabla ya mkutano tutalisoma kama lilivyo, na lisipokuja, hilo nalo ni jawabu.

Twawaomba mje wengi, na mje mapema.

Katibu wenu, kwa niaba ya Kamati